Picha ya Shairi ni Jibu, Si Pambo

Washairi wa Kiswahili tuna desturi moja ambayo sidhani kama tunaithamini inavyostahili, nayo ni kujibizana. Mmoja akitunga, mwingine humjibu. Na anayejibu huchukua bahari ileile, mara nyingi hata vina vilevile, kisha akaleta hoja iliyo yake. Hivyo ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa alivyojibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela. Hivyo ndivyo walivyofanya watunzi wa magazetini tangu siku za Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923. Na katika desturi hiyo kuna kanuni isiyoandikwa ambayo kila mtunzi anaijua: anayerudia maneno ya mwenziwe bila kuongeza la kwake hajajibu. Amekariri tu.

Nadai katika makala haya kwamba mchoraji anayechora kutokana na shairi ni mjibu, na kwamba picha yake ihukumiwe kwa kanuni hiyohiyo. Picha inayorudia maneno ya shairi kwa rangi ni pambo. Picha inayochukua bahari ya shairi na kuleta neno lake yenyewe ni jibu. Nadai pia jambo la pili, ambalo ni chungu zaidi kwetu sisi watunzi: picha ikitoka pambo, mara nyingi kosa si la mchoraji. Ni letu. Sikulifikia jambo hili kwa kusoma vitabu. Nililifikia kwa kuaibishwa, tena mbele ya karatasi yangu mwenyewe.

Kwa wasiolijua eneo, Kilosa ni mji mkongwe wa Mkoa wa Morogoro, kandokando ya Mto Mkondoa, juu ya Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na ya wengi ambao babu zao waliletwa kama manamba kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu walipoteza makazi, reli baina ya Kilosa na Gulwe ikaharibika hata safari za treni zikasimama kwa miezi, na familia nyingi zikaishi katika mahema kwa muda ambao hakuna aliyeutarajia.

Nilitunga shairi kuhusu gharika hiyo miaka kadhaa baada ya maji kupungua. Lilikuwa na beti 12 za mishororo minne, mizani 16 katika kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho visivyoyumba. Nilijivunia. Nilialikwa kulisoma hapa na pale, na watu walipiga makofi. Ubeti wake wa saba ulikuwa huu:

Usiku pasi ishara, maji yaja yakihema,
Yakazoa barabara, nguzo zilizosimama,
Tukabaki mafukara, baba, watoto na mama,
Mkondoa wa hasira, umetumeza wazima.

Usomaji mmoja ulipokaribia nilitaka shairi liambatane na picha kubwa ya kutundikwa ukutani, ili wanaoingia wakutane nayo kabla ya kuketi. Mchoraji niliyempata ni binti wa Mikumi. Mikumi imo katika wilaya yetu hiyohiyo, lakini ni dunia nyingine. Mji umekaa juu ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupewa jina la mti wa mkumi, ambao kwingine huitwa mvumo. Barabara hiyo hupita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na msafiri aliyetoka kuona twiga dirishani anaposhuka kula Mikumi hupenda kumnunua twiga huyo akiwa kwenye ubao. Binti huyo anaishi kwa kazi hiyo. Huchora vibao vya maduka, na kwa wasafiri huchora tembo, simba na twiga.

Nilimpa shairi langu lililopigwa chapa, nikamlipa nusu, nikarudi zangu Kilosa. Baada ya wiki mbili nilikwenda kuichukua picha. Nilichokikuta ni mamba mkubwa aliyepanua kinywa, na ndani ya kinywa hicho mna nyumba, na mlangoni mwa nyumba wamesimama baba, mama na watoto. Nyuma yao jua jekundu lilikuwa likizama kando ya mkumi mmoja mrefu. Rangi zilikuwa safi na mkono ulikuwa wa fundi. Hata hivyo moyo wangu ulishuka.

Nilimwambia, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba sikumwomba picha ya watalii. Nilimwomba picha ya Kilosa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunjua karatasi yangu na kuweka kidole juu ya kibwagizo.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Wewe umeandika kwamba mto una hasira na umemeza watu. Mimi nimetafuta chenye hasira kinachomeza watu mtoni. Ni mamba. Ungeandika kitu kingine, ningechora kitu kingine."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hasira ya mto sikuiona kwa macho yangu. Niliiokota katika ghala la maneno ambamo sote huchota tunapokuwa na haraka: bahari ni katili, dunia ni hadaa, mto una hasira, jua linachoma, machozi yanatiririka. Maneno hayo si mabaya. Yalikuwa mapya kinywani mwa aliyeyatunga mwanzo. Lakini mimi niliyaazima, na mchoraji hawezi kupata kitu kipya ndani ya neno la kuazima. Atapata kilekile ambacho kila mtu hukipata. Nilimpa maneno ya watalii, akanirudishia picha ya watalii.

Nilimwomba radhi, nikamlipa nusu iliyobaki, nikamwomba tuanze upya. Safari hii sikumpa shairi. Nilimwomba apande basi aje Kilosa. Njia ya kutoka Mikumi hupita Ulaya, yaani Ulaya ya kwetu, kijiji ambacho jina lake halijaacha kuwachekesha wageni. Alipofika nilimpeleka nyumbani kwa shangazi yangu, si mbali na mto.

Nyumba ya shangazi ni ya tofali za kuchoma, ndiyo maana ilisimama wakati za udongo jirani zake ziliyeyuka. Sebuleni, kuanzia kona hadi kona, upo mstari. Juu ya mstari ukuta ni mweupe kwa chokaa. Chini yake ni wa rangi ya chai ya maziwa, na chokaa inabanduka. Hapo ndipo maji yaliposimama. Shangazi hajawahi kuupaka rangi, na nilipomuuliza zamani kwa nini, alisema tu kwamba rangi ni ghali. Lakini wajukuu wake wameugeuza mstari ule kuwa kipimo chao. Kila likizo husimama wakiegemea ukuta kuona nani ameupita na nani bado. Kuna alama za mkaa na za kalamu juu na chini yake.

Nilikuwa nimeuona mstari huo mara mia, wala haukuingia katika shairi langu. Niliuona kuwa jambo dogo, la nyumbani, lisilofaa kwa utungo mzito. Binti wa Mikumi aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaomba rula.

Kitu cha pili alichokiona ni khanga. Shangazi aliokoa vitu vichache usiku ule, na kimoja ni doti ya khanga ya marehemu mama yake. Upande mmoja una doa la tope lisilotoka kwa sabuni yoyote, na doa hilo limefunika nusu ya jina la khanga. Mchoraji, ambaye tayari alikuwa akiwaza picha ya mseto, yaani picha inayounganisha rangi, karatasi, kitambaa na udongo juu ya ubao mmoja, aliuliza kwa adabu kama angeweza kupata kipande kidogo cha pindo.

"Hii haikatwi, mwanangu," shangazi alisema. "Imebaki yenyewe."

Nasimulia haya kwa sababu hapa ndipo penye jambo ambalo wachoraji wengi wa picha za mseto hulipita upesi. Rangi ya dukani haina historia ya mtu. Kitambaa, barua, tiketi, kipande cha mlango, vina wenyewe. Ukikibandika kitu cha mtu kwenye ubao wako umekinukuu, na sisi watunzi tunajua hukumu ya anayetia mshororo wa mwenziwe katika shairi lake bila kusema umetoka wapi. Shairi kuhusu msiba wa watu lina hatari hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesomea makofi juu ya gharika ya shangazi yangu bila kumuuliza lolote. Binti huyu, ambaye si wa ukoo wetu, alikuwa wa kwanza kuomba ruhusa, na aliponyimwa hakubishana.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Aliichukua khanga akaenda nasi hadi duka la kutolea fotokopi, akaitandaza kwa mikono yake juu ya kioo cha mashine, kipande baada ya kipande, kisha akaikunja na kurudi nayo nyumbani. Tulitoka na karatasi sita za rangi nyeusi na kijivu. Katika karatasi hizo doa la tope na maua ya khanga yana rangi moja, na huwezi kujua wapi mchoro wa kiwandani unakoma na wapi mto unaanza. Kitambaa chenyewe kisingeweza kusema hivyo.

Sasa nieleze picha ilivyojengwa, kwa kuwa naamini washairi watalitambua jengo hilo. Ubao ulikuwa hadibodi ya upana wa hatua moja hivi. Mchoraji aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza nje ya darasa la ushairi: mshororo wangu una vipande vingapi, vinakatwa wapi, sauti gani inarudi na inarudi wapi. Nikamweleza ukwapi na utao, mizani minane kwa minane, kina cha kati na kina cha mwisho, na kibwagizo kinachofunga ubeti. Akaugawa ubao katika tabaka nne za kulala, kama mishororo minne. Akapitisha mstari wa wima katikati, ukwapi upande huu, utao upande ule. Mahali pa vina, katikati na ukingoni mwa kila tabaka, alitia fundo la nyuzi za katani. Mafundo ya katikati yote ni ya namna moja; ya ukingoni yote ni ya namna nyingine. Tabaka la chini kabisa, la kibwagizo, aliliachia tope.

Katani ilitoka Kimamba. Haikuchaguliwa kwa kuwa inapendeza machoni. Mkonge si mmea wetu wa asili: uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyowavuta watu kutoka pande zote hadi Kilosa, wakajenga na kuoana, na baadhi ya wajukuu wao ndio waliokuwa kwenye mahema. Ufumwele unaofunga picha ndio uliowafunga watu na mahali. Mkaa wa kuchorea haukununuliwa duka la wachoraji. Ulitoka katika gunia la mkaa wa kupikia, kutoka milima inayovuliwa miti ili Morogoro na Dar es Salaam zipate kuivisha wali. Nani asiyejua udugu uliopo baina ya mlima ulio uchi na mto uliojaa mchanga?

Tope lilisumbua. Alilichota ukingoni mwa Mkondoa, akalichuja kwa kitambaa, akalichanganya na gundi nyeupe ya mbao na kulipaka zito. Lilipokauka lilipasuka na kudondoka kwa magamba. Akalipaka upya, jembamba, mara tatu, akisubiri kila pako likauke kivulini. Juu ya tope akabandika karatasi za khanga, na juu ya yote, kutoka ukingo hadi ukingo, akapiga mstari mmoja usiotetereka, juu mweupe, chini wa rangi ya chai. Hakuna mtu katika picha hiyo, hakuna nyumba, hakuna maji. Kuna alama ndogondogo za mkaa juu na chini ya mstari, na anayezitazama huchukua muda kabla ya kutambua kuwa ni vimo vya watoto.

Tulipomwonyesha shangazi, aliiangalia picha kama aangaliavyo kitu sokoni, akasogea nyuma hatua mbili, akasema, "Mstari wenyewe uko juu kidogo." Mchoraji akaushusha.

Watakuwapo watakaosema kwamba hilo si la kwetu, kwamba mseto wa namna hiyo ni mtindo wa ng'ambo. Nami nawaomba waifungue kabati ya mama yeyote wa Kiswahili. Khanga ni picha na maneno katika kitambaa kimoja: pindo, mji, na jina. Tena tazama vizuri. Mchoro wa khanga haulitafsiri jina lake. Khanga yenye mchoro wa korosho inaweza kubeba neno la kumkanya jirani, na yenye maua ikabeba dua ya mzazi. Hakuna anayelalamika kwamba korosho haifanani na jirani. Mchoro na neno vimekaa pamoja kama watu wawili barazani, kila mmoja na lake, na maana huzaliwa baina yao, na huzaliwa upya kutegemea nani ameivaa, siku gani, na amepita mbele ya nani. Wanawake wetu waliijua kanuni hii ya jibu kabla ya makala haya.

Tuna mfano mwingine huko Lamu. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili wa tenzi, mwanamuziki na mchonga mbao. Mkono ulioandika herufi za Kiarabu za tenzi ndio ulioshika patasi. Kwa mtu kama huyo neno na umbo havikuwa nchi mbili zenye mpaka. Na huku bara, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua kilichokuwapo: vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Leo jina lake limegeuzwa jina la twiga wa kumuuzia mgeni, lakini somo lake la kwanza lilikuwa hilo: chora kwa kile ambacho mji wako unacho mkononi.

Ipo hoja nzito zaidi, nami siidharau. Wapo wakongwe wasemao kwamba shairi ni sanaa ya sikio; kwamba ukiliwekea picha umelifunga, na kila atakayelisikia ataona picha hiyo badala ya kuona ya kwake. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954, aliwafunza watunzi kuheshimu vina na mizani, yaani mambo ya sikio na ya pumzi. Nakubali kwamba picha yaweza kulifunga shairi. Mamba wa kwanza alilifunga langu kabisa: ukishamwona huwezi kusikia kitu kingine. Lakini analifunga kwa kuwa anakariri. Kinachorudia neno huligandisha, kinachojibu hulifungua. Na kwa tahadhari, nilibadili mpango wangu wa mwanzo. Siku ya usomaji picha ilifunikwa kwa shuka hadi shairi lilipokwisha kusomwa. Sikio lilitangulia, kama ilivyo haki yake, ndipo jicho likaja kujibu.

Hoja hii ina uzito zaidi leo kuliko jana, kwa kuwa sasa mtu anaweza kuiandikia kompyuta kibwagizo chake na kupata picha kabla chai haijapoa. Nimejaribu, sitaki kusema uongo. Nilipata mto wenye mawimbi ya baharini na jua jekundu. Akili mnemba imelishwa picha nyingi mno, na ukiipa neno la kuazima itakupa wastani wa yote ambayo wengine wameyaazima. Haikuja Kilosa. Haikuomba rula. Haikunyimwa khanga, na kwa hiyo haikulazimika kutafuta njia nyingine. Lakini narudia: nayo ilichora nilichoandika.

Ndiyo maana nasema faida kubwa ya picha ya namna hii haimwendei mtazamaji, bali mtunzi. Mchoraji wa mseto anahitaji vitu. Atakuuliza: hapa pana nini cha kushikika? Kina rangi gani, kina uzito gani, kinapatikana wapi, cha nani? Ukipita ubeti kwa ubeti na swali hilo, utaona upesi ni beti zipi zina kitu na zipi zina sauti tu. Katika beti 12 za shairi langu, binti wa Mikumi alipata vitu katika nne. Nane zilizobaki zilikuwa na vina vizuri.

Sikutupa vina. Nisieleweke vibaya na wale wanaosubiri kila hoja ya taswira ili waitumie kuupiga teke urari. Vina vyangu vilinisaidia. Nilipoketi kuuandika upya ubeti wa saba, nilijipa sharti la kujibizana: bahari ileile, vina vilevile, lakini neno la hasira nilikanushe. Nilijijibu mwenyewe kwa kumfuata aliyenijibu kwa tope na katani:

Ukutani limechora, tope mstari mzima,
Juu rangi ingang'ara, chini chokaa yahama,
Watoto wetu kwa ghera, hapo huja kujipima,
Mto hauna hasira, hupita, huacha kima.

Sidai kwamba ni ubeti mkubwa. Nadai tu kwamba ni wa mahali fulani, na kwamba aliyekuwapo anaweza kuukagua kwa rula, kama shangazi alivyoikagua picha. Nilipousoma ukumbini haukupigiwa makofi. Mzee mmoja wa safu ya mbele alinyoosha kiganja chake, akakiweka usawa wa kifua, akamwonyesha jirani yake: kwao yalifika hapa. Jirani akaonyesha usawa wa kidevu. Mazungumzo yakaenea safu kwa safu, kila mtu na kima chake, nami nikasimama pale mbele nikisubiri wamalize ndipo niendelee na ubeti wa nane.

Basi, ndugu zangu watunzi, kabla hatujamlaumu mchoraji kwa mamba wake na jua lake jekundu, tumfungulie shairi letu tumuulize amekuta nini ndani. Akijibu kwamba amekuta hasira, machozi na majonzi, tumrudishie karatasi yake na tuichukue yetu. Nanyi wachoraji, msikubali kuwa wakariri wetu. Mtunzi akiwapa bahari, mjibu kwa bahari hiyo, lakini mje na tope lenu. Na mwenye hoja kinyume na hii asinionee haya. Ajibu, kwa nathari au kwa -ra na -ma.